Miaka miwili ya damu kabla sijaukubali mfuko

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi alinichora alama tumboni kwa kalamu ya wino mzito. Akaniambia nikae, akatazama. Nisimame, akatazama. Niiname kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilipoinama ngozi ikajikunja, naye akasema, "Hapa hapafai, mfuko utabanduka." Akaifuta alama kwa pamba yenye spiriti, akaweka nyingine juu kidogo, kushoto kwa kitovu. Kisha akauliza, "Mama, ukisimama unaiona mwenyewe bila kujipinda?" Niliiona. "Basi ni hapo hapo. Usipoiona utashindwa kuisafisha."

Alama hiyo nilikuwa nimeikimbia miaka miwili. Naandika kwa ajili ya mtu aliyechomwa mionzi ya nyonga, saratani ikaondoka, na sasa kila akienda haja kubwa anatazama chini kwa hofu. Huenda naye ameshatajiwa kolostomi, yaani utumbo mpana kutolewa kwenye ukuta wa tumbo ili choo kiingie kwenye mfuko, akatoka kliniki mbio kama nilivyotoka mimi.

Saratani yangu ilikuwa ya mlango wa kizazi. Nilipata mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kila wiki, halafu mionzi ya ndani mara nne. Wiki za mwisho niliharisha na kuumwa tumbo la chini. Hayo nilikuwa nimeonywa, na yaliisha yenyewe katika miezi miwili. Nilipopimwa tena, uvimbe haukuonekana. Nikarudi kazini, nikaanza hata kuwasahau watu niliokaa nao kwenye benchi la kusubiri mionzi.

Damu ya kwanza niliiona miezi 14 baadaye. Ilikuwa nyekundu kabisa, kidogo, kwenye karatasi. Wiki iliyofuata ilikuwa chooni. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba saratani imerudi, na kwa kuwa wazo hilo lilinitisha mno, nilishika la pili: bawasiri. Daktari niliyemwona kwanza naye alisema bawasiri, akanipangia siku ya kuja kuzifunga kwa mpira.

Binti yangu ndiye aliyeniokoa, na wala si kwa utaalamu. Aliuliza tu, "Mama, ulimwambia kwamba ulichomwa mionzi?"

Sikumwambia. Daktari yule aliniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji, nikajibu hapana, na jibu lilikuwa la kweli. Mionzi haikuacha kovu lolote la kuonekana, kwa hiyo haikunijia akilini. Nilipompigia daktari wangu wa saratani kumweleza nina miadi ya bawasiri, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiende. Njoo kwangu kesho." Kesho yake alinieleza kwamba nyama iliyopigwa mionzi haiponi kama nyama nyingine. Kidonda kidogo cha kufunga bawasiri, ambacho kwa mtu mwingine kingekauka katika wiki chache, kwangu kingeweza kubaki wazi kwa miezi, kikachimba, hata kikatoboa kati ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na uke. Vivyo hivyo kwa kukata kinyama cha kupima: ukuta wa mbele wa puru, ule uliopokea mionzi mingi zaidi, haukatwi kinyama ovyo ovyo, labda paonekane kitu kinachotiliwa shaka kweli. Tangu siku hiyo, neno la kwanza ninalomwambia mhudumu yeyote wa afya ni "nilichomwa mionzi ya nyonga", hata akiwa ananitibu jino.

Nilifanyiwa kolonoskopi, kamera inayopitishwa kwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Niliomba kutazama skrini nikakubaliwa, na ninachokumbuka ni rangi mbili. Utumbo wa juu ulikuwa wa waridi, unang'aa, umetulia. Kamera iliporudi chini kwenye puru, rangi ikabadilika: sehemu zilizopauka kama nta, na juu yake utando wa vishipa vyekundu vilivyojisokota, vingine vikivuja pale pale kwa kuguswa na hewa tu. Uvimbe wa saratani haukuwepo. Nililia kwa furaha, huku jina la ugonjwa wenyewe sijalielewa bado: uvimbe sugu wa puru unaotokana na mionzi, ambao madaktari huuita proktaitisi ya mionzi.

Maelezo niliyopewa ni haya. Mionzi huua seli za saratani, lakini njiani hujeruhi mishipa midogo ya damu ya kila kilichokaa jirani, na puru imekaa nyuma kabisa ya mlango wa kizazi, kama inavyokaa nyuma ya tezi dume kwa wanaume. Mishipa ile huziba polepole, mwezi baada ya mwezi. Nyama inakosa oksijeni. Mwili unajaribu kujisaidia kwa kuotesha vishipa vipya juu juu, lakini ni vyembamba na dhaifu, na choo kikipita vinachanika. Ndiyo maana damu huja wakati mtu ameshajiona mzima: kwa wengi ni kati ya miezi michache na miaka miwili baada ya tiba, na wapo waliopatwa baada ya miaka mingi zaidi. Wala si jambo geni. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na kufikia 1897 daktari Mwingereza aitwaye David Walsh alikuwa ameshaandika juu ya utumbo uliodhurika kwa mionzi hiyo. Nilipoambiwa hivyo nilihisi upweke umepungua. Nilikuwa nimedhani mwili wangu umefanya kioja.

Nikaanza matibabu, na nataka nieleweke hapa: wengi huishia kwenye hatua hizi na hawafiki kwenye kisu kabisa. Kwanza dawa za kulainisha choo. Kisha sukralfeti, dawa ya kufunika vidonda, gramu 2 zilizokorogwa kwenye maji mililita 20, zinaingizwa kwa njia ya haja kubwa mara mbili kwa siku. Unalala ubavu wa kushoto, unageuka chali, unageuka kulia, ili dawa ipake pande zote, nawe unajizuia usiitoe. Nilifanya hivyo asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala. Damu ilipungua, haikukata.

Ndipo nikachomwa kwa gesi ya argoni. Kamera inaingizwa, ncha ya waya inapuliza gesi inayopitisha umeme, na vishipa vinakaushwa kimoja kimoja bila kuguswa. Kabla yake unasafisha tumbo lote kwa dawa ya kunywa, hata kama wanachoma puru peke yake, kwa sababu choo kilichobaki hutoa gesi inayoweza kulipuka cheche zikiwaka. Niliwahi kukutana na mtu aliyekuwa akilalamika kwamba wanamsumbua bure kwa dawa hiyo ya kuharisha. Nilimweleza kwa nini, akainywa yote. Nilichomwa mara tatu, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine. Baada ya mara ya pili nilikaa wiki saba bila tone. Baada ya ya tatu damu ilirudi, ikaja na maumivu, na kamera ikaonyesha kidonda.

Jaribio lililofuata lilikuwa formalini ya asilimia 4, kemikali ya kuziba vishipa vinavyovuja. Nilipewa ganzi ya mgongo, ngozi ya nje ikapakwa mafuta mazito kuikinga, kisha daktari akagusisha shashi iliyolowa formalini kwenye sehemu zinazovuja kwa dakika chache na kusafisha kwa maji mengi. Nilipata mwezi mmoja na nusu wa nafuu. Nilielezwa pia juu ya chumba cha oksijeni, ambamo mgonjwa huvuta oksijeni tupu chini ya mgandamizo, takriban dakika 90 kwa siku, mara 30 hadi 40. Mimi sikuipata. Ukiwa na njia ya kuifikia, uliza.

Muda wote huo nilikuwa na daftari dogo. Kila siku yenye damu niliweka nukta nyekundu, siku ya damu nyingi nukta mbili. Mwaka wa pili, kurasa nzima zilikuwa nyekundu.

Kupungukiwa damu hakukuja kwa kishindo, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilianza kupumzika katikati ya ngazi, nikasema ni umri. Moyo ukadunda nikiwa nimekaa, nikasema ni mawazo. Nikaanza kutafuna barafu kutwa nzima, nikisikia hamu yake kama mlevi, na sikujua kwamba hiyo ni dalili ya kupungukiwa madini chuma. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nikaona taa zinakuwa ndogo, nikaamkia kitandani. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.9. Kwa mwanamke inatakiwa isipungue 12. Niliongezewa chupa tatu za damu. Baada ya miezi mitatu nikaongezewa tena mbili, na baadaye mbili nyingine, huku nikitundikiwa chuma kwa mshipa. Vidonge vya chuma nilivyomeza mwanzoni vilifanya choo changu kuwa cheusi, nikaingiwa na hofu kwamba sasa tumbo la juu nalo linavuja. Mtu aliyeniandikia vidonge hakuniambia neno hilo dogo. Ninalisema mimi: chuma cha vidonge hufanya choo kiwe cheusi, lakini ukiona cheusi cha kunata kama lami chenye harufu kali, nenda kapimwe usikisie.

Katika kulazwa kwa tatu ndipo daktari wa upasuaji alipokuja kuketi ukingoni mwa kitanda. Miaka miwili nilikuwa nimejiambia kwamba upasuaji maana yake ni kuikata puru na kuitupa. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba huenda nikahitaji mfuko, nilisaini kwamba nimekataa nikaondoka, na miadi miwili iliyofuata sikuhudhuria. Safari hii nilimwambia mwenyewe, "Daktari, basi ikate, tumalize."

Akasema, "Sitaikata."

Nilidhani ananikatia tamaa. Alichora kwenye mgongo wa fomu ya maabara: nyonga, kibofu, uke, puru, na mistari ya mkwaruzo kati yake. Akasema baada ya mionzi viungo hivi hushikamana kama vilivyogundishwa. Kuing'oa puru humo ni kuhatarisha mirija ya mkojo, kibofu, na kumwaga damu nyingi. Na akiunganisha utumbo tena humo humo, anashona nyama isiyo na damu ya kutosha ya kuponya mshono, na mshono ukiachia, kinyesi kinamwagika ndani. Operesheni hiyo huwa wanaifanya kwa anayelazimika: puru imetoboka, imeziba na haifunguki, sehemu yake imekufa, pametoboka njia kuingia ukeni au kwenye kibofu, au damu haikukoma kwa njia nyingine yoyote. Niliwahi kukutana kliniki na mzee aliyetibiwa tezi dume, ambaye alianza kutoa hewa kwenye mkojo. Kwake hapakuwa na mjadala, na alikaa hospitali muda mrefu sana.

"Wewe, mama," daktari akaendelea, "vishipa vyako vinachanwa kila siku na choo kinachopita juu yake. Nitakigeuzia njia. Nitautoa utumbo juu ya hapo, kwenye ukuta wa tumbo, choo kitoke humo. Puru ibaki ilipo, ipumzike."

Kupumzika. Katika miaka miwili hakuna aliyewahi kulitumia neno hilo juu ya sehemu ile ya mwili wangu. Walisema kuchoma, kukausha, kuziba. Nilimuuliza kama damu itakoma. Hakuniahidi. Alisema kwa wagonjwa wengi hupungua sana au hukoma, kwamba haitakuwa siku ileile, na kwamba kama haikutosha bado njia nyingine zipo. Nilimwamini zaidi kwa sababu hakuniahidi. Nikasaini, mkono ukitetemeka, na nisingependa mtu adhani nilikuwa jasiri.

Operesheni yenyewe ilikuwa fupi kuliko zote nilizoziwazia. Nililala nusu kaputi, wakaingia kwa matundu madogo, wakavuta kitanzi cha utumbo mpana na kukitoa pale penye alama ya muuguzi, chini yake wakipitisha kijiti cha plastiki ili kisizame. Kijiti kiliondolewa siku ya sita bila maumivu.

Siku ya pili muuguzi yule alikuja na beseni. Sikutaka kutazama. Hakunilazimisha, alifanya kazi yake akisimulia kila anachofanya, kama mtu anayemwelekeza kipofu njia. Siku ya tatu nilitazama. Stoma, yaani ule mdomo wa utumbo uliotokeza tumboni, ilikuwa nyekundu, imelowa, ukubwa wa mdomo wa kikombe kidogo, na ilikuwa ikijikunja taratibu yenyewe. Akanishika kidole akakigusisha hapo. Sikuhisi chochote, kwa kuwa utumbo hauna mishipa ya fahamu ya kuumia ukiguswa. Ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimeiogopa kama kidonda, kumbe ilikuwa nyama nzima kuliko ile niliyoiona kwenye skrini.

Kuhusu mfuko nitasema yale tu niliyoyajua kwa kukosea. Tundu la bamba linalogandishwa kwenye ngozi likatwe kubwa kuliko stoma kwa milimita mbili au tatu, si zaidi, maana ngozi iliyo wazi inaungua kwa choo. Stoma husinyaa katika wiki sita hadi nane za mwanzo, kwa hiyo pima upya kila unapobadilisha. Mimi niliendelea kukata kwa kipimo cha wodini, ngozi ikachubuka hadi nikashindwa kuvaa nguo. Kausha ngozi kabisa kabla ya kubandika, bila mafuta wala losheni, kisha kandamiza bamba kwa kiganja dakika moja au mbili, joto la mkono huligandisha. Mwaga mfuko ukifika theluthi, usingoje ujae, uzito ndio unaoubandua. Usinyanyue vitu vizito miezi ya mwanzo, pembeni mwa stoma ukuta wa tumbo umelegea na henia hupita hapo. Na ukiona stoma imekuwa ya zambarau au nyeusi, usingoje kesho.

Jambo moja halikusemwa, nikapata fadhaa bure. Puru iliyopumzishwa bado hutengeneza ute. Wiki ya tatu nilihisi haja kwa njia ya zamani, nikakaa, ukatoka ute wenye damu. Nililia nikidhani yote yamekuwa kazi bure. Nilipopiga simu niliambiwa ni kawaida, ute hutoka, na vishipa havikauki kwa siku moja. Nikalirudia daftari. Mwezi wa kwanza nukta zilikuwa 19. Wa pili 8. Wa tatu 3, ndogo. Mwezi wa nne sikupata cha kuandika, na nilikuwa nalifungua kila usiku kwa mazoea, naandika tarehe, naacha nafasi tupu mbele yake.

Hemoglobini ilifika 11.2 mwezi wa tatu na 12.6 mwezi wa nane, bila kuongezewa damu wala kutundikiwa chuma. Hamu ya barafu iliondoka bila kuaga. Nilipanda ngazi za ofisini hadi juu, na nikagundua nimefika ndipo nikakumbuka kwamba zamani nilikuwa nikisimama katikati.

Yapo yaliyobaki magumu. Mfuko hutoa sauti wakati usioutaka. Kwa mume wangu nilijificha kwa miezi, nikibadilisha nguo gizani, hadi aliponiambia kwamba alichokiogopa yeye ni kuniokota tena sakafuni, mfuko hajawahi kuuogopa. Kuna siku bamba liliachia kazini, nikaondoka bila kumuaga mtu. Sasa natembea na mkoba mdogo wenye bamba lililokwisha kukatwa, mfuko, vitambaa na nguo ya ndani.

Baada ya mwaka na nusu walinipima kwa kamera tena. Vishipa vilikuwa vichache, vimepauka, kidonda kimefunga. Daktari alisema wapo wanaorudishiwa njia ya kawaida, lakini kwanza ataangalia kwa picha kama puru imesinyaa au imetoboka mahali, na kama misuli ya kujizuia bado ina nguvu, kwa sababu nyama iliyochomwa mionzi hairudi kuwa ile ya zamani, na damu inaweza kuanza upya choo kikirudi. Picha zilikuwa nzuri, misuli ilikuwa dhaifu. Alisema uamuzi ni wangu. Nimemwambia tuache kwanza. Binti yangu hakubaliani nami, na tumelizungumza mara nyingi bila mmoja kumshinda mwenzake.

Muuguzi aliyenichora alama huniita siku moja moja kuzungumza na anayesubiri operesheni. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa rika langu, mionzi ile ile, hemoglobini 6.1, uso wake umepauka hadi midomo. Hakuuliza juu ya kisu. Aliomba kuuona mfuko. Nikainua blauzi. Alitazama kwa muda mrefu, akasogea karibu, akavuta hewa kwa pua bila kunificha, akatazama tena.

"Unalalaje, dada?" akauliza. "Mimi tangu utoto hulala kifudifudi."

Nikamwambia miezi ya mwanzo atalala ubavu au chali, na mto mdogo chini ya tumbo utamsaidia. Mimi nilirudi kulala kifudifudi mwezi wa tano, baada ya kuumwaga mfuko kabla ya kupanda kitandani. Akaomba kalamu, akaandika: mwezi wa tano.